BMX ya zamani inayokataa kusimama: anzia nje kabla ya kufungua habu

“Fundi, habu imekufa.” Wengi wanaoniletea BMX za zamani kijiweni, hapa Mabatini, Mwanza, huanza na maneno hayo. Habu ni kile kitovu cha gurudumu la nyuma, ambamo breki imejificha. Mara nyingi habu haijafa. Kibano cha mkono wa breki kimelegea, au cheni inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, au koni, zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli, zimekazwa na mtu mwenye nguvu kuliko subira. Wapo waliofungua habu nzima chini ya mwembe, wakamwaga gololi mchangani, wakaniletea vipande kwenye kopo la rangi. Kumbe kosa lilikuwa nati moja ya nje.

Kwa hiyo nitakwenda na dalili jinsi wateja wanavyozisema wenyewe, na kila mara nitaanzia nje kuingia ndani.

Ninazozungumzia ni baiskeli za inchi 20 zinazotujia na mitumba, zisizo na waya wa breki nyuma: unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyume. Chimbuko la BMX ni California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto walipoanza kushindana kwenye vumbi wakiiga pikipiki. Wengi walipanda Schwinn Sting-Ray, baiskeli iliyotoka mwaka 1963, na breki ya kukanyaga nyuma ilikuwa jambo la kawaida. Soma maandishi kwenye mkono wa breki, ile bapa ya chuma inayolala juu ya fremu upande wa kushoto. Utakuta Bendix, Shimano, au Torpedo ya Wajerumani wa Sachs. Andika jina hilo mahali, maana vipuri vya habu moja havikai ndani ya nyingine hata kama kwa macho ni mapacha.

Ndani kazi ni hii. Kwenye Bendix, ukikanyaga mbele, kipande chenye nyuzi za skrubu kinavuta klachi upande wa spoketi mpaka inabana ganda la habu, gurudumu linazunguka. Ukiacha kukanyaga, klachi inaachia. Ukikanyaga nyuma, skrubu ileile inaisukuma klachi upande wa pili, nayo inatanua vipande vya breki vikasugua ukuta wa ndani wa ganda. Torpedo na Shimano hutumia rola kuendesha gurudumu badala ya klachi ya kubana, lakini breki inatanuka vilevile. Ni chuma kinasugua chuma ndani ya grisi. Ndiyo, breki hii inataka grisi. Aliyezoea breki za gari haamini nikimwambia.

“Nikikanyaga nyuma, haishiki”

Hili ndilo linaloua mtu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Cheni kwanza. Baiskeli yenye breki hii peke yake, cheni ikitoka huna breki, nukta. Kuna kijana aliteremka nayo kilima cha Isamilo asubuhi, cheni ikaruka kwenye kona, akasimama kwa msaada wa ua wa michongoma. Alikuja amechanika mikono yote na anailaumu habu. Habu ilikuwa nzima kabisa. Cheni ilikuwa na mchezo wa karibu inchi mbili.

Shika cheni katikati, kati ya spoketi ya mbele na ya nyuma, uipandishe na kuishusha kwa kidole. Mchezo wote usizidi nusu inchi. Zungusha pedeli taratibu huku ukiangalia, kwa sababu spoketi ya mbele ikiwa imepinda cheni itakaza mahali pamoja na kulegea pengine. Wewe pima pale inapokaza zaidi. Ikiwa imelegea, fungua nati za ekseli kwa spana namba 15, legeza kibano cha mkono wa breki pia (wengi husahau hiki, wakashangaa gurudumu halisogei), vuta gurudumu nyuma, linyooshe katikati ya fremu, kisha kaza.

Kama cheni imekazwa vizuri na bado inatoka, simama nyuma ya baiskeli uangalie mstari wake. Spoketi ya nyuma ya habu hizi imeshikwa na meno matatu na pete ya springi, na nyingi zimebonyea kidogo kama sahani. Ukiigeuza, cheni inahama milimita kadhaa kuingia au kutoka. Mtu akibadilisha spoketi akairudisha kinyume, cheni inakwenda mshazari na siku moja itaruka tu.

Halafu mkono wa breki. Nguvu yote ya kusimama inaishia kwenye ule mkono, nao unaisukumia fremu kupitia kibano. Kibano kikilegea, unapokanyaga nyuma mkono unazunguka kwanza kabla breki haijashika. Kisipokuwepo kabisa, mkono unazunguka na ekseli, koni zinajifungua au zinajikaza, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa kwenye mwendo. Nimeona mikono iliyofungwa kwa waya wa nondo, kwa kamba ya katani, na zaidi ya yote kwa mpira wa tyubu. Mpira wa tyubu unafunga gunia la dagaa vizuri sana. Mkono wa breki haufungi. Tafuta bapa ya chuma, uikunje kwenye jiliwa ifuate umbo la fremu, uitoboe na kuweka boliti yenye nati ya kujifunga.

Angalia pia nati inayoshika mkono kwenye ekseli. Shika mkono uutikise. Ukicheza hata kidogo, hapo pana kazi kabla ya kuwaza mengine.

Yote ya nje yakiwa sawa, sasa hesabu mwendo wa pedeli. Inua gurudumu la nyuma, simamisha kranki, ile mikono ya pedeli, ikiwa imelala sambamba na ardhi, kisha irudishe nyuma kwa mkono. Inatakiwa ishike baada ya mwendo mfupi, mfano wa akrabu ya saa kutoka saa tatu hadi saa nne hivi. Ikirudi robo mzunguko au zaidi ndipo ishike, vipande vya breki vimelika, au klachi imechoka, au koni zimelegea sana. Ikizunguka nyuma bila kushika kabisa, mshitakiwa wa kwanza ni ile springi ndogo ya msuguano inayoizuia klachi isizunguke pamoja na skrubu. Ikivunjika au ikipoteza mbano, klachi inacheza dansi mahali pamoja, haiendi mbele wala nyuma. Springi hii ni nyembamba na inaonekana haina maana, na ndiyo maana wanaofungua habu kwa pupa huirudisha imepinda au huiacha mezani.

Ikishika lakini dhaifu, vipande vimekuwa laini kama kioo. Vitoe, visugue kidogo kwa msasa mpaka ule mng'ao uondoke, vioshe kwa mafuta ya taa, vikauke, virudi na grisi mpya. Usisugue mpaka uviondolee mwili. Mifereji iliyochongwa juu yake ikiwa imefutika, hivyo vimemaliza safari.

“Inalia kama punda”

Grisi imekwisha. Naweza kuishia hapo, lakini kuna sababu ya kujua kwa nini inakwisha.

Kila unaposimama, mwendo wako unageuka joto, na joto hilo halina pa kwenda ila ndani ya ganda la habu. Kaskazini ya San Francisco kuna barabara ya mlima ambayo miaka ya 1970 vijana walishindana kuishuka na baiskeli nzito za zamani zenye breki hizihizi. Wakifika chini habu zilikuwa zinafuka moshi, grisi imeungua, na ilibidi kuzifungua na kuzijaza upya kabla ya kushuka tena. Mashindano hayo yakaitwa Repack, yaani jaza upya. Sisi tuna vilima vya Bugando na Isamilo. Mtu anayeishi mlimani na kushuka mjini kila siku asishangae habu yake ikidai grisi mara mbili kwa mwaka, wakati mwenzake wa Nyegezi anayeendesha tambarare anakaa miaka.

Tumia grisi ya beringi za magurudumu ya gari, ile inayovumilia joto. Grisi nyepesi ya kopo lisilo na jina inayeyuka, inatiririka kwenye spoku na kukuachia kelele. Paka kwa wingi kwenye gololi na kwenye vipande vya breki. Kwenye rola za Torpedo au Shimano paka kidogo sana, au tumia oili, maana grisi nzito hapo inazinatisha na utapata tatizo jingine nitakaloeleza chini.

Ukiwa barabarani na habu imeanza kulia, simama uiguse kwa nyuma ya kidole. Ikiunguza, iache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji.

“Inashika ghafla, gurudumu linajifunga”

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana. La kwanza ni ukavu: grisi imeondoka, vipande vinauma ganda badala ya kusugua. Mara nyingi kelele zilitangulia na mwenye baiskeli akapuuza. La pili ni maji na mchanga, na hili ni letu sisi wa ziwani. Jumamosi jioni watu wanasukuma baiskeli mpaka kwenye maji, wanailaza, wanaisugua kwa sabuni. Ziwa Victoria halina chumvi, kwa hiyo kutu yake si kali kama ya ndugu zetu wa pwani, lakini maji yanaingia kwenye habu na kuigeuza grisi kuwa uji wa rangi ya maziwa. Mchanga laini wa Igombe, ule wanaoanikia dagaa, unaingia nao. Baada ya hapo ndani kuna msasa. Osha baiskeli nyumbani kwa kitambaa na ndoo. Utaepuka na kichocho pia, maana hukusimama majini.

Habu iliyozama ifunguliwe siku hiyohiyo ikiwezekana. Ukiiacha wiki, njia za gololi zinaota vishimo vya kutu, na vishimo havitoki kwa msasa. Koni yenye vishimo inabadilishwa. Ganda lenye vishimo, basi, unaanza kutafuta habu nyingine.

“Nakanyaga mbele, pedeli inakwenda bure”

Ni kinyume cha tatizo la kwanza lakini ndugu yake wa damu. Unakanyaga, mguu unateleza, halafu ghafla inashika na kukupiga goti kwenye usukani. Ikitokea asubuhi tu na kuacha jua likipanda, ni grisi: imekuwa nzito au imezeeka, rola zinachelewa kupanda mahali pake au klachi inachelewa kubana. Safisha, weka grisi mpya; kwenye rola kidogo sana, au oili. Kama inateleza saa zote, rudi kwenye springi ya msuguano niliyoitaja, halafu kagua uso wa klachi. Ukiwa umeng'aa pande zote na kingo zimekuwa butu, hautabana tena.

Kabla ya yote hayo, hakikisha si cheni inayoruka juu ya meno ya spoketi yaliyochongoka kama meno ya papa. Weka alama ya chaki kwenye spoketi ya nyuma na nyingine kwenye ganda la habu. Kanyaga mpaka iteleze. Alama zikiwa zimeachana, kosa liko ndani. Zikiwa bado zimekaa pamoja, kanunue cheni na spoketi uache habu ipumzike.

“Nzito, haiendi”

Inua gurudumu, lizungushe, acha kukanyaga. Kranki ibaki imetulia huku gurudumu likiendelea. Kranki ikivutwa mbele pamoja na gurudumu, koni zimebana sana, au upande wa spoketi una uchafu. Legeza nati ya kufunga, rudisha koni kidogo, kaza nati, jaribu tena. Kwenye habu hizi unaacha mchezo mdogo sana ambao mkono unausikia ukitikisa ringi, lakini jicho haliuoni. Vijana wengi hukaza mpaka mchezo uishe kabisa, kama wanavyofanya kwenye gurudumu la mbele. Chuma kikipata joto kinatanuka, na habu iliyobana ikiwa baridi itakwama ikipata moto nusu ya mteremko.

Ukilazimika kufungua: piga picha kwa simu kila unapotoa kipande, na ulaze vipande kwa mstari juu ya gazeti kwa mfuatano wa kutoka. Keji, zile pete zinazoshika gololi, zina upande wa mbele na wa nyuma. Ukiigeuza moja, habu itasaga na itajitafuna kwa siku mbili. Osha kwa mafuta ya taa mbali na jiko na sigara.

Ringi zenyewe

Nusu ya wanaoleta “breki mbovu” wana ringi mbovu. Breki ya kukanyaga inaisokota habu kinyume cha pale unapoendesha, kwa hiyo spoku zinavutwa huku na huku kila siku. Zilizolegea zinaanza kulia tik-tik unaposimama. Zibane mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Iliyo legelege utaijua. Na kama fundi fulani alikusukia gurudumu la nyuma kwa spoku zilizonyooka kutoka habu mpaka ringi bila kupishana, kwa sababu zinapendeza, mrudishie. Msokoto wa breki hii unataka spoku zipishane. Kwa habu ya matundu 36, kupishana mara tatu ndiyo kawaida.

Ringi ya chuma yenye nikeli iliyobabuka si tatizo la breki kwa nyuma, maana hakuna raba inayoigusa. Unaweza kuiachia kutu yake ya heshima. Kagua tu kwa ndani, chini ya utepe, ambako kutu hutoboa tyubu.

Ringi za plastiki ndizo zinazonipa mawazo. Skyway Tuff Wheel, zile za mikono mitano, ni nailoni, si plastiki ya beseni, na zilistahimili mateso ya kila aina zikiwa mpya. Lakini nailoni iliyopigwa jua miaka arobaini inabadilika rangi na kuwa kavu. Tafuta nyufa sehemu tatu: mkono unapokutana na habu, mkono unapokutana na ringi, na tundu la valvu. Pitisha ukucha, usiamini macho. Ukipata ufa, hakuna gundi wala kuchomelea kwa bisibisi ya moto kutakakoponya. Gurudumu hilo linatundikwa ukutani. Nimemwambia mzee mmoja hivyo akanijibu, “Mwanangu, mbona kuna watu wanatembea na nyufa?” Nikacheka, lakini gurudumu sikulifunga.

Kuyumba kidogo kwa ringi hizi ni maumbile, limetoka nalo kwenye kalibu, na hakuna spoku ya kukaza. Kama linayumba sana, kwanza angalia habu haichezi ndani ya plastiki: shika ringi kwa nguvu, mwenzako akanyage nyuma, uangalie katikati. Habu ikisogea kabla ya mikono, hilo nalo ni la ukutani. Vilevile usifunge breki ya mkono yenye raba za kawaida juu ya nailoni ukategemea ikusimamishe kwenye mvua. Itateleza. Breki ya kukanyaga nyuma inazifaa ringi hizi kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa haiangalii ringi ni ya nini. Ila kwa anayeishi mlimani, namshauri atafute gurudumu la mbele la spoku lenye ringi ya aluminiamu na breki ya mkono, hata kama halifanani na la nyuma. Cheni ikiruka, atakuwa na pa kushika.

La mwisho ni tairi lisilokaa. Unanunua tairi limeandikwa 20, ringi ni 20, na haliingii, au linaingia na kucheza kama gauni la kuazima. Inchi 20 ziko za aina kadhaa. BMX za kawaida, 20 x 1.75 na 20 x 2.125, zinakaa kwenye ringi ya milimita 406. Tairi jembamba la 20 x 1 3/8 ni la ringi ya 451. Na baadhi ya Schwinn za zamani zina 20 x 1 3/4 ya ringi ya 419. Kwa hesabu za darasani 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja; kwenye tairi si kitu kimoja. Soma namba ndogo ubavuni, kama 47-406. Hiyo haidanganyi. Juzi kijana alitumia nusu saa na bisibisi mbili akilazimisha la 406 liingie kwenye ringi ya Schwinn, akatoboa tyubu mara tatu. Nilimwonyesha ile namba, akaniuliza kwa nini hawakuiandika kwa herufi kubwa. Sikuwa na jibu, nikaziba tyubu.

Ukimaliza kazi yoyote ya hapo juu, jaribu kwanza uwanja wa tambarare, kwa mwendo wa kutembea, ukikanyaga nyuma mara kumi au zaidi mpaka vipande vizoeane na ganda. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, rudi na spana: nati za ekseli, nati ya mkono, boliti ya kibano. Grisi mpya ikishajipanga na washa zikishakaa mahali pake, angalau moja kati ya hizo utaikuta imelegea.